Diski moja, mifumo mitano: lipi kweli, lipi porojo

Fundi wa kompyuta yeyote angependa kuwa na diski moja inayomaliza kazi. Ndani iwemo Linux ya laivu, yaani inayowaka bila kusakinishwa, ya kumthibitishia mteja kuwa mashine ni nzima na ugonjwa uko kwenye Windows yake. Iwemo Clonezilla ya kunakili diski kuu kabla haijakata roho, GParted ya kugawa nafasi, Memtest86+ ya kupima RAM, na kitu cha Windows kwa sababu wateja wengi ndiko waliko. Unawasha, menyu inatokea, unachagua. Diski ya namna hiyo inatengenezeka bila gharama yoyote zaidi ya bando na muda. Kinachowaangusha wengi ni mambo yanayosemwa mezani kwa fundi kana kwamba ni sheria. Haya ndiyo yanayosikika sana.

“Mwaga mafaili ya ISO kwenye diski, itawaka yenyewe.”

Kwa sidii na dividii, si kweli. Ukilichoma faili la ISO kama unavyochoma nyimbo, utapata diski yenye faili moja kubwa, na mashine itaipita kama haijaiona. BIOS haina habari na majina ya mafaili. Inakwenda moja kwa moja kwenye sekta ya 17 ya diski, kila sekta ikiwa na baiti 2048, na kutazama kama pana maandishi EL TORITO SPECIFICATION. Yakiwepo, yanaielekeza kwenye orodha ya kuwashia, na orodha inaielekeza kwenye programu ndogo ya kupakiwa kwenye RAM. Yasipokuwepo inageukia diski kuu, na mteja anaiona tena Windows yake ileile iliyokwama.

Utaratibu huo uliandikwa mwaka 1995 na kampuni za Phoenix na IBM. Inasimuliwa kuwa jina lilitokana na mgahawa wa El Torito kule Irvine, California, ambako wahandisi walikuwa wakila huku wakiliwaza jambo hilo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba waandishi wake waliifikiria diski ya mifumo mingi tangu mwanzo: orodha ile ina nafasi ya programu za kuwashia zaidi ya moja. Watengenezaji wengi wa BIOS hawakujisumbua, wakasoma ile ya kwanza tu, basi. Ndiyo maana kazi ya kuonyesha menyu iliangukia programu nyingine, ISOLINUX ya H. Peter Anvin na baadaye GRUB.

Siku hizi huhitaji kuyaandika hayo kwa mkono. Unatengeneza folda, tuseme kazi, ndani yake unaweka faili la menyu kwenye boot/grub/grub.cfg na mafaili yako ya ISO kwenye folda ya iso, kisha unatoa amri moja:

grub-mkrescue -o diski.iso kazi

Unapata taswira inayowaka kwa BIOS na kwa UEFI, mrithi wake, mradi xorriso, mtools na moduli za GRUB za pande zote mbili zimo kwenye mashine yako. Unaichoma kwa chaguo la kuchoma taswira, wala si la kunakili faili.

Kwenye flashi, porojo hii iligeuka kuwa kweli tangu mwaka 2020 ilipotoka Ventoy. Unaisakinisha mara moja, halafu unamwaga ISO, na menyu inajitengeneza. Jinsi inavyofanya hivyo inahusiana na jambo linalofuata, ambalo ndilo kiini cha makala hii.

“Menyu ikishatokea, kazi imekwisha.”

Si kweli hata kidogo. Menyu ndiyo sehemu rahisi.

Fuatilia kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuingia. GRUB inasoma mafaili mawili kutoka kwenye diski: kiini cha Linux, na kifurushi kidogo cha programu za kuanzia kiitwacho initrd. Inavisoma kwa msaada wa BIOS au UEFI, inaviweka kwenye RAM, kisha inakikabidhi kiini usukani na yenyewe inatoweka. Kuanzia hapo Linux haiulizi BIOS lolote kuhusu diski. Inatumia viendeshi vyake. Na bado haijapata mwili wake. Mfumo wenyewe, yaani programu zote utakazoziona, umebanwa kwenye faili kubwa la SquashFS lililobaki kwenye diski. Kwenye diski halisi ya Ubuntu faili hilo limo kwenye folda ya casper, na kwenye Debian limo kwenye folda ya live.

Kwenye diski yako hakuna casper wala live. Kuna folda ya iso yenye mafaili matano makubwa, na casper imo ndani ya mojawapo. Kiini kinakagua kila diski kwenye mashine, hakioni kinachokitafuta, kinakuachia skrini nyeusi yenye neno initramfs na kishale kinachomweka. Ni kama mgeni aliyeshushwa usiku kwenye mtaa asioujua, na dereva aliyekuwa na anwani ameshaondoka.

Wengi wakifika hapo wanasema ISO ni mbovu, wanapakua upya, bando linakwisha. ISO ni nzima. Kinachotakiwa ni kumpa mgeni anwani kabla dereva hajaondoka, na kwa Ubuntu inafanyika hivi ndani ya grub.cfg:

loopback kitanzi /iso/ubuntu.iso
linux (kitanzi)/casper/vmlinuz iso-scan/filename=/iso/ubuntu.iso
initrd (kitanzi)/casper/initrd

Angalia mstari wa kwanza na wa pili. Njia ya /iso/ubuntu.iso imeandikwa mara mbili, na nimeona watu wakiifuta ya pili wakidhani mwandishi amejirudia. Ile ya kwanza inaambiwa GRUB, ili ilifungue faili la ISO kana kwamba ni diski. Ile ya pili GRUB haijali inasema nini. Inaipitisha tu kwa kiini, na programu za initrd ndizo zitakazoisoma, zilitafute faili hilo upya na kulifungua zenyewe. Ukiifuta, menyu itatokea vizuri, kiini kitapakiwa vizuri, na utaishia kwenye skrini ileile nyeusi. (Neno kitanzi nimelichagua mimi. Unaweza kuiita diski hiyo jina lolote.)

Sasa tatizo la kweli la diski ya mifumo mingi ni hili: kila ukoo wa Linux una neno lake la kupewa anwani. Debian ya laivu inaelewa findiso. Arch inataka maneno mawili, img_dev na img_loop. Fedora inaelewa iso-scan/filename kama Ubuntu, lakini inataka pia kuambiwa jina la diski iliyomo ndani ya ISO. Na iko mifumo ambayo haielewi neno lolote la aina hiyo. Hiyo hata ukeshe haitawaka kutoka ndani ya ISO. Baadhi ya watengenezaji wamewahurumia watu na kuweka ndani ya ISO faili la /boot/grub/loopback.cfg lenye maneno yote tayari. Kabla hujaanza kubahatisha, fungua ISO ulitafute faili hilo.

Na Ventoy? Haikulifuta tatizo hili. Imejifunza tabia za mifumo mingi mmoja mmoja, na mfumo unapowaka inaingiza vipande vyake kwenye initrd ili ISO ionekane kwa kiini kama diski kamili. Kazi hiyohiyo ya kutoa anwani, ila ameifanya mtu mwingine kwa niaba yako. Ndiyo maana mfumo mpya au usio wa kawaida wakati mwingine hukwama hata kwenye Ventoy.

“Tumia MEMDISK, inawasha ISO yoyote.”

Hii ni kweli ya zamani iliyopitwa na wakati. MEMDISK, iliyomo kwenye mkoba mmoja na ISOLINUX, inalimeza faili zima kwenye RAM na kuidanganya BIOS kwamba hiyo ni diski. DOS inadanganyika, kwa sababu DOS inasoma diski kwa kupitia BIOS kila mara. Programu za zamani za kupima diski kuu zinadanganyika pia. Linux haidanganyiki, kwa sababu ileile tuliyoiona: ikishawaka haiulizi BIOS. Na kwenye mashine inayowaka kwa UEFI pekee, MEMDISK haina pa kushika kabisa.

“Basi fungua ISO zote, changanya mafaili kwenye diski moja.”

Inawezekana, na kabla ya njia ya kitanzi wengi walifanya hivyo. Lakini ukifungua Ubuntu na Linux Mint pamoja, zote zinataka folda iitwayo casper, na kwa matoleo ya zamani ya Ubuntu faili la ndani lina jina lilelile, filesystem.squashfs. La pili linalifuta la kwanza. Hata ukizitenganisha, moja kwenye folda ya ubuntu na nyingine kwenye folda ya mint, itabidi uuambie kila mfumo folda yake kwa live-media-path. Halafu kuna mtego mwingine: initrd ya familia ya Ubuntu imebeba namba ya utambulisho ya diski yake, na ikikuta diski yenye namba tofauti inaikataa kimyakimya. Ongeza neno ignore_uuid kwenye mstari wa kiini nayo itaikubali.

Kwa maoni yangu, njia hii ina faida moja tu siku hizi, nayo ni kuiokoa ile mifumo isiyojua kusoma ISO iliyomo ndani ya diski nyingine. Kwa mingine yote ni kujitafutia kazi, maana toleo jipya likitoka unaanza upya.

“Windows nayo inaingia hivyohivyo.”

Si kweli. Diski ya kusakinishia Windows inapakia kwanza faili la boot.wim kwenye RAM, ambalo ndani yake mna Windows PE, Windows ndogo ya kazi za muda. Hiyo unaweza kuiwasha kwa ujanja, na programu ya wimboot kutoka mradi wa iPXE ipo kwa kazi hiyo. Dirisha la bluu linatokea, unachagua lugha, unafurahi. Kisha linadai kiendeshi cha kifaa kinakosekana. Mafundi wameshapakua viendeshi vya SATA na vya USB usiku kucha kwa sababu ya ujumbe huo, wakati mara nyingi hakuna kiendeshi kilichokosekana. Programu ya usakinishaji inalitafuta faili la install.wim, nalo limefungiwa ndani ya ISO ambayo Windows PE haijui iliko. Mgeni ni mwingine, yaliyompata ni yaleyale.

Kwenye diski ya kuchoma, ushauri wangu ni kuiacha Windows ikae kwenye diski yake yenyewe. Na anayedhani Windows PE inaweza kuwa mfumo wa laivu wa kutumia siku zote, ajue kuwa Microsoft imeiwekea kikomo: inajizima na kujiwasha upya baada ya saa 72.

“Dividii ya GB 4.7 inabeba GB 4.7.”

Inabeba, ila kompyuta yako itaiita 4.37, kwa sababu watengenezaji wa diski wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Jumlisha mafaili kwa hesabu moja, si mbili.

Linaloumiza zaidi ni kwamba mifumo imenenepa. Knoppix ya Klaus Knopper wa Ujerumani, iliyowaonyesha wengi mfumo wa laivu ni nini, ilibana karibu GB 2 za programu kwenye sidii moja ya MB 700. Ubuntu nayo iliingia kwenye sidii moja, na hadi mwaka 2011 ilikuwa ikizituma bure kwa posta, mpaka masanduku ya huku kwetu. Leo Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani imepita GB 5 peke yake. Kwenye dividii ya kawaida haiingii hata ikiwa mwenyewe. Kwa diski ya mifumo mitano chagua myembamba. Clonezilla na GParted Live kila moja iko chini ya GB 1, Memtest86+ ikitolewa kwenye ISO yake haifiki MB 1, na matoleo mengi ya Puppy Linux bado yanajua adabu.

Na lipo jambo la faili moja kubwa kupita GB 4. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 hailipokei, hata ikiwa na nafasi ya GB 60. Diski ya ISO 9660 ya ngazi ya 1 na ya 2 hailipokei pia. Inabidi ngazi ya 3, inayokubali faili kugawanywa vipande.

“Mfumo wa laivu haugusi diski kuu ya mteja.”

Nusu kweli, na hiyo nusu nyingine inaweza kukugharimu mteja. Mabadiliko unayoyafanya kwenye mfumo wa laivu yanakaa kwenye RAM na kupotea ukizima, hilo ni sahihi. Lakini baadhi ya mifumo ikikuta kwenye diski kuu sehemu ya swapu ya Linux inaanza kuitumia bila kuuliza. Na ukifungua sehemu ya ext4 ambayo mashine ilizimika ghafla, Linux inaikamilisha kwanza kumbukumbu ya mabadiliko iliyokatika, yaani inaandika, hata kama uliifungua kwa kusoma tu. Kwa kazi ya kawaida si neno. Kwa diski yenye ushahidi wa kesi ni neno kubwa.

Hatari zaidi kwa fundi ni Windows iliyolala. Tangu Windows 8, mteja akibofya kuzima, mashine nyingi hazizimiki kabisa. Kiini cha Windows kinahifadhiwa kwenye diski kuu ili kesho iwake haraka. Ukiingia na diski yako ukaandika kwenye sehemu ile ya NTFS, Windows itaamka ikiwa na picha ya jana ya mafaili, na hapo ndipo yanapoharibika. Linux nyingi zinagoma kuifungua kwa kuandika, na fundi mwenye haraka anailazimisha. Usilazimishe. Rudi kwenye Windows kama bado inawaka, chagua kuwasha upya badala ya kuzima, ndipo uingie na diski.

“Secure Boot lazima uizime.”

Kinga hii ya UEFI, inayokataa programu za kuwashia zisizo na saini inayotambulika, si lazima izimwe kwa kila mfumo. Fedora imekuwa ikiwaka nayo tangu toleo la 18 la mwaka 2013, na Debian tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Zinatumia programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft, na ndani ya shim mna ufunguo wa mtengenezaji wa mfumo.

Hapo ndipo diski ya mifumo mingi inapokwama. Shim ya Ubuntu inaujua ufunguo wa Canonical, haiujui wa Debian. Ukiwasha menyu yako kwa shim na GRUB za Ubuntu, Ubuntu itawaka, na ukichagua Debian utaambiwa saini ni mbaya. Na ile taswira ya grub-mkrescue haina saini yoyote, kwa hiyo Secure Boot itaikataa kabla hata ya menyu. Ama uandikishe ufunguo wako kwenye mashine husika, kama Ventoy inavyokutaka ufanye mara ya kwanza, ama uizime.

Kabla hujaizima kwenye mashine ya mteja, muulize kitu kimoja: je, anao ufunguo wa kufungulia BitLocker? Laptopu nyingi za Windows zinafungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha hali ya Secure Boot, Windows inaweza kudai tarakimu 48 itakapowaka tena. Kama mteja aliingia kwa akaunti ya Microsoft, huenda tarakimu hizo zimehifadhiwa humo. Kama hana akaunti, hakuziandika na hakuna aliyemhifadhia, picha za harusi ziko hatarini.

“Flashi imeua diski.”

Karibu kweli. Laptopu mpya hazina hata pa kuingizia sidii. Ila dividii iliyochomwa na kufungwa ina jambo moja ambalo flashi ya kawaida haina: haiandikiki. Flashi ya fundi inayozunguka mashine kumi kwa siku ndiyo inayosambaza vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato. Kwa mashine za zamani za ofisi na za shule zenye tundu la dividii, bado ningechoma.

“Hujui kama inawaka mpaka uichome.”

Si kweli, na diski zilizoharibika bure kwa imani hii ni nyingi. Hakiki kwanza kila ISO kwa sha256sum, ulinganishe na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Kisha iwashe taswira yako kwenye mashine ya kuigiza:

qemu-system-x86_64 -m 2048 -cdrom diski.iso

Hiyo inapima njia ya BIOS. Kwa njia ya UEFI ongeza OVMF, yaani UEFI ya mashine za kuigiza, na upime tena, kwa sababu menyu inayowaka upande mmoja haina dhamana upande wa pili. Chagua kila kipengele kwenye menyu, kimoja baada ya kingine, na usiridhike na nembo. Subiri mpaka mezani pa mfumo paonekane. Kilichopita hapo kina nafasi nzuri ya kupita kwenye mashine halisi. Kitakachobaki ni vituko vya mashine yenyewe, kama vile vitableti vya Intel Atom vyenye kichakataji cha biti 64 na UEFI ya biti 32, ambavyo havitaki BOOTX64.EFI bali BOOTIA32.EFI. Hivyo QEMU haitakuambia.